Mtungi Haulazwi

Fundi wa gesi alipiga magoti jikoni, akakoroga sabuni ya unga ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Alikoroga kwa brashi ya rangi, taratibu, mpaka povu likawa zito kama la mtu anayetaka kunyoa ndevu. Madirisha yalikuwa wazi, mlango wa uani ulikuwa wazi, na hakuna aliyegusa swichi ya taa, kwa sababu walipompigia simu jambo la kwanza aliwaambia hivyo: msiwashe taa, msizime taa, msipige kiberiti, fungueni kila kinachofunguka, nakuja. Wakafungua kila kinachofunguka, hata kabati la vyombo.

Harufu ile ilikuwa imekaa ndani ya nyumba kwa muda. Ni harufu inayotiwa kwenye gesi makusudi, inayofanana na ya yai viza, ili mtu ashtuke mapema. Mwanzoni walisema ni taka. Kisha wakasema ni panya amefia nyuma ya kabati. Wakalivuta kabati, panya hakuwepo. Aliyeshikilia kwamba ni gesi alikuwa mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa msusi na kwa kazi yake aliitwa Msusi hata na majirani. Pua yake ilikuwa imezoea dawa za nywele na haikudanganyika kirahisi. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji kwa kuwa aliuza magodoro, alisema yeye hasikii kitu. Baba yake Sponji, mzee aliyeshinda kitandani chumba cha mbele na kuitwa Babu na kila mtu, alisema anaisikia, ila harufu aliyokuwa akiisubiri ni ya chai.

Chai ilikuwa kazi ya Shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa Sponji, mtoto wa kwanza wa Babu, na hilo jina la Shangazi, ambalo kwa haki lilikuwa la watoto wawili wa Sponji peke yao, lilikuwa limesambaa mpaka muuza mkaa akawa anamwita hivyo. Mama yao alipokufa yeye ndiye aliyewalea wadogo zake, akawavusha shule, akawasimamia harusi, na alipogeuka kuangalia mambo yake akakuta jua limeshainama. Sponji alimchukua akae naye. Siku ya kuhamia alisimama mbele ya wageni akasema dada yake amefanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yake kupumzika. Watu walipiga makofi. Jioni hiyohiyo Shangazi ndiye aliyepika, maana wageni walikuwa wengi na yeye ndiye aliyejua chumvi imewekwa wapi.

Sponji hakuishia kwenye maneno. Alimletea dada yake godoro jipya kutoka dukani, nene, lililofungwa kwenye nailoni. Shangazi alilisimamisha ukutani chumbani kwake, akasema atalitandika akipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Babu huamka usiku akitaka maji ya moto, Sponji huamka alfajiri akitaka chai, na usingizi uliobaki katikati yao ulikuwa mfupi mno kwa mtu kujisumbua kupanda kitanda. Shangazi alikuwa akisinzia kwenye kiti cha jikoni, mkono mmoja chini ya shavu. Vumbi la kwenye nailoni alilifuta kila mara, kwa sababu kitu cha kupewa ni cha kutunzwa.

Fundi alipaka povu kwenye kichwa cha mtungi, akangoja. Hakuna kiputo. Akapaka kwenye mpira wa gesi, mwanzo mpaka mwisho, akangoja. Mpira wenyewe ulikuwa mzee na umeanza kupasuka ngozi, kwa hiyo aliubadilisha, akakaza vibano huku na huku, akawakaripia kidogo kwa kuuacha ufike hapo, kisha akapaka tena. Povu lilikaa kimya mpaka likakauka. Akapaka kwenye vishikizo vyote vinne vya jiko na kile cha oveni. Kimya. Harufu ilikuwa palepale.

Ndipo aliposhika mtungi ili ausogeze, nao ukanyanyuka kirahisi mno hata akajigonga nao gotini. Akautikisa karibu na sikio. Akauangalia kwa nyuma, akaona buibui ametanda kati ya mtungi na ukuta, utando wa zamani, wenye nzi waliokauka.

Aliuliza chakula cha mchana kimepikiwa wapi. Wakamwambia hapohapo. Akagusa sufuria ya maharage juu ya jiko, ilikuwa ingali na moto.

"Mtungi huu umejazwa lini mara ya mwisho?"

Sponji alimwangalia Msusi. Msusi alimwangalia Shangazi.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja kuhusu gesi. Aliitunga Sponji, siku mtungi ulipoisha huku maji yake ya kuoga yakiwa ndiyo kwanza yanapata uvuguvugu. Gesi ikiishia mikononi mwako, alisema, wewe ndiye unayeupeleka mtungi kujazwa. Ilikuwa sheria ya haki na wote waliikubali. Duka la gesi lilikuwa kwenye kona, kupanda kidogo, na hela ya kujazia ilikuwepo siku zote ndani ya birika lisilotumika. Kazi ilikuwa ni kuubeba tu. Lakini tangu siku hiyo watu wakaanza kulikwepa jiko. Sponji, aliyekuwa akijikaangia mayai asubuhi, akasema mayai yanamletea kiungulia. Msusi akagundua kwamba moto unamharibia kucha, na kucha ndizo kazi. Watoto wakafundishwa kwamba jiko la gesi si la kuchezea, jambo ambalo ni kweli kabisa. Kwa hiyo gesi ikawa inaishia mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akiupandisha mtungi, akapumzika kwenye ukingo wa mtaro katikati ya njia, na wapita njia wakampa pole. Pole haikuwa haba kwenye mtaa ule.

Fundi aliinama akanusa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi bali hutambaa chini na kujikusanya kwenye mabonde ya sakafu, kwa hiyo alinusa akiwa amekaribia kulala kifudifudi. Pua ikampeleka kutoka kwenye jiko mpaka chini ya meza, na kutoka chini ya meza mpaka kwenye kandambili za Shangazi, aliyekuwa amesimama kando ya sinki akimenya viazi.

"Samahani, mama," alisema. "Naomba mkono."

Shangazi alijifuta kwenye aproni, akampa. Fundi akapaka povu kwenye kifundo cha mkono. Kiputo kimoja kikavimba, kikafikia ukubwa wa zabibu, kikapasuka. Kikaja kingine. Akapaka kwenye kiwiko, ikawa vilevile. Akamwomba ageuke, akapaka nyuma ya shingo, pale uti wa mgongo unapoanzia, na hapo povu likatokota kabisa.

"Ndiyo hapa," alisema Fundi, akakaa kitako kama mtu aliyekuwa akitafuta funguo akazikuta mfukoni.

Sponji alisogea akaangalia, mikono nyuma. Msusi alisema yeye alisema ni gesi. Watoto waliomba wapakwe na wao. Wakapakwa, hawakutoa kitu, wakaenda kucheza.

Fundi alimuuliza Shangazi ilianza lini. Shangazi alisema ilianza mvua zilipoanza. Alikuwa akimpikia Babu uji, mwali ukanywea, ukafa. Nje mvua ilikuwa ikinyesha na ile njia ya kupanda dukani ilikuwa imegeuka tope. Mgongo ulikuwa unamuuma. Watu walikuwa wamekaa sebuleni, na wote walionekana wamechoka, kila mmoja kwa uchovu wake.

"Sikuwa na nguvu ya kwenda," alisema. "Nikaweka mkono juu ya jiko, nikasema, waka tu basi. Likawaka."

Tangu hapo liliwaka kila alipotaka. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeuliza. Waliuliza kama chakula kiko tayari, na kilikuwa tayari.

Fundi alisema hali hiyo ameshaiona mara moja, mtaa mwingine, kwa mama mmoja wa watoto wengi. Waliita fundi wakati jiko limeshazima, na yule mama naye walimkuta ameshaisha. Alisema hivyo huku akifuta brashi yake. Kisha akamgeukia Sponji, akamweleza kazi inavyotakiwa. Mtungi unaovuja hautengenezwi ukiwa kazini. Unaondolewa kwenye jiko, unapumzishwa. Na mtu ni rahisi kuliko mtungi, kwa sababu mwili hauendelei kutengeneza kitu kisichotumika. Wakiacha kumtumia, gesi itamkaukia yenyewe, viungo vitashika.

"Jaza huu mtupu, bosi, uurudishe mahali pake," alisema. "Mama apumzike. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Sponji alikubali kwa kichwa. Alisema Jumamosi ataupeleka mwenyewe. Halafu akauliza, kwa upole, kama kwa hizi siku mbili tatu wanaweza kuendelea kidogo.

Fundi alipumua. Alikuwa mtu wa makamo mwenye magoti mabaya, na swali hilo huulizwa na kila mtu, iwe ni mpira uliopasuka au kichwa cha mtungi kilicholegea. Alisema kidogo, kwa uangalifu. Akawaambia Shangazi akae karibu na dirisha lililo wazi, asifungiwe kwenye chumba kisichopitisha hewa. Asisogezwe karibu sana na moto wenyewe. Mtu asivute sigara mbele yake. Njiti iwashwe kwanza, ndipo kishikizo kifunguliwe, isiwe kinyume. Vichomeo visuguliwe na kukaushwa vizuri, mwali uwe wa buluu. Ukigeuka wa njano na kupaka sufuria masizi, wajue kuna kitu hakiendi sawa. Kila wiki wampime kwa povu. Sufuria isiachwe motoni bila mtu. Alipofika mlangoni, akiwa ameshatupia mfuko begani, akaongeza neno moja.

"Na mtungi haulazwi."

Lazima isemwe kwamba familia ile ilishika mafundisho. Sponji, aliyekuwa akivutia sigara zake mlango wa jikoni, sasa alivuka barabara na kuvutia mbele ya kinyozi. Dirisha la jikoni halikufungwa tena, wakaliwekea wavu wa mbu. Watoto walijifunza kubisha hodi kabla ya kuingia jikoni, na kutokimbia wakipita kwa shangazi yao. Msusi alisugua vichomeo kwa mswaki wa zamani, mpaka mwali ukawa wa buluu unaopendeza macho, kisha akarudi kutunza kucha zake. Mgeni mmoja aliyekunywa chai pale alitoka akisema hajaona nyumba inayomheshimu shangazi kama ile.

Siku ya kupima, Msusi hakutumia brashi ya rangi. Alileta brashi laini ya saluni, ile ya kufutia nywele zilizodondokea shingoni, na povu alilikoroga kwa shampuu nzuri. Alimketisha Shangazi karibu na dirisha, akampaka kwenye vifundo, viwiko, nyuma ya masikio. Palipotoa viputo alipafunga utepe mweupe wa mafundi bomba, akaubana kwa vidole. Mikono yake ilikuwa imechoka na vichwa vya watu, lakini ilikuwa mikono inayojua kazi, na mara nyingine ilijisahau ikamkanda mabega. Shangazi alifumba macho. Miaka mingi ilikuwa imepita mtu hajamgusa shingo, na alijikuta akiingoja siku hiyo ya wiki, hata akaona aibu kidogo kuingoja.

Mtungi mtupu uliwekwa kando ya mlango ukimsubiri Sponji. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na hesabu ya mali dukani. Jumamosi iliyofuata lilikuja lori la magodoro na hakukuwa na wa kupakua. Nyingine ilikuwa ya mvua. Nyingine Sponji mwenyewe aliamka kiuno kimembana, akalala kutwa juu ya godoro la bei ya juu kuliko yote dukani, na Shangazi akampelekea supu. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na Sponji, ambaye alianza biashara kwa kuuza usufi kabla ya sponji kushika soko, alijua uzito wa kanda hilo kuliko sisi wote. Alikuwa mtu mwema, mpole, asiyempigia mtu kelele. Jioni moja mezani, baada ya Msusi kuutaja mtungi tena, aliweka kijiko chini akauliza, si kwa ubaya, hivi gesi iliishia mikononi mwa nani. Wote walikumbuka iliishia mikononi mwa nani. Sheria ni sheria, na ilikuwa ya haki. Msusi akamwambia mtoto mdogo amalize viazi vyake.

Uchovu wa Shangazi wakati huo ulikuwa umepita hatua ya kuuma. Alikuwa akipika maharage anasinzia, anaamka, maharage yameiva. Alikuwa akiongea na Babu akasahau katikati ya sentensi anaongea na nani. Hakutaka mambo makubwa. Hakutaka nyumba yake wala mume wala safari, vitu ambavyo aliwahi kuvitaka kwa nyakati tofauti. Jioni hiyo Sponji alipomaliza kula, Shangazi alimfuata kizingitini.

"Nataka kulala, mdogo wangu," alisema. "Kulala ubavu, nimejinyoosha, kama watu."

"Lala, dada. Nani amekukataza?"

Sponji aliguswa kweli. Kesho yake mchana alirudi nyumbani mapema, akasogeza kitanda kwa mikono yake mwenyewe, akalilaza lile godoro, akalipigapiga kwa kiganja kama anavyofanya mbele ya wateja. Nailoni hakuitoa, ili lisichafuke. Akamwambia dada yake haya, karibu, akarudi dukani. Msusi, ambaye siku hiyo saluni ilikuwa imefungwa, alisema atamchemshia Babu maji yeye mwenyewe, wifi yake asihangaike.

Shangazi alifunga mlango, akavua kandambili, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akajilaza, kwanza chali, halafu ubavu, magoti yamekunjwa kidogo. Nailoni ililia chini yake, ikanyamaza. Shavu likapata baridi. Kitu fulani mgongoni, ambacho kilikuwa kimesimama tangu siku mama yake alipofariki, kikalegea. Alitaka kulia lakini usingizi ukawahi.

Jikoni mwali chini ya birika la Babu uliruka mpaka darini. Mtungi ukilazwa, gesi haitoki tena ikiwa hewa, hutoka ikiwa maji, na moto ukikutana nayo haubaki chini ya birika. Ukachukua kipande cha pazia, ukachukua kalenda ya ukutani, ukachukua nyusi za Msusi ambazo alikuwa amezichora asubuhi. Msusi hakupiga kelele. Alizungusha kishikizo kukifunga kama alivyofundishwa, hakikusaidia; akachukua taulo, akalilowesha, akalifunika pazia. Kisha akatembea mpaka chumbani kwa Shangazi na kugonga mlango.

"Wifi," alisema. "Inuka kidogo."

Shangazi akainuka. Jikoni mwali ukanywea, ukazima. Hakuna aliyeumia, na maji ya Babu yalikuwa yamechemka.

Usiku walijaribu tena, jiko likiwa limefungwa kabisa. Shangazi alipojilaza gesi ilimwagika kupitia zile nyufa za shingoni, ikatambaa chini ya milango, ikajaa chini ya vitanda, na mtoto mdogo akaamka akikohoa. Wakafungua kila kinachofunguka. Hawakujaribu mara ya tatu.

Fundi aliporudi aliangalia lile doa jeusi darini kwa muda. Alisema aliwaambia. Sponji alikiri kwamba waliambiwa, ila hawakujua maneno yale yanamhusu na Shangazi. Akauliza kama kuna kifaa chochote, cha kisasa, kinachoweza kumruhusu dada yake alale na jiko likaendelea. Alikuwa tayari kukinunua.

"Kifaa kipo," alisema Fundi. "Huo mtungi. Duka liko pale, naliona nikiwa nimesimama hapa."

Alinyoosha brashi kupitia dirishani. Wote walifuata brashi kwa macho. Kweli duka lilionekana, juu kidogo ya mteremko, mitungi ikiwa imepangwa ndani ya kizimba cha nondo, na muuzaji akiwa amekaa mbele yake akila karanga. Waliliangalia kama watu wanaoangalia mlima. Kutoka chumba cha mbele Babu, aliyekuwa akisikiliza yote, alisema kwa sauti yake ya kitandani kwamba hata mama yao alikuwa mtu asiyelala sana. Sponji alisema ni kweli. Alisema wanawake wa upande ule ndivyo walivyo, wana nguvu. Fundi alifunga mfuko wake, akasema safari nyingine wasimwite yeye, waite zimamoto, akashuka ngazi akiyalalamikia magoti yake.

Wakakubaliana kwamba mpaka Jumamosi Shangazi asijilaze. Alipewa kona yenye hewa kuliko zote, pale karibu na dirisha ulipokuwa mtungi, na Msusi alipafagia, akauondoa ule utando wa buibui. Kwa kuwa mtungi uliosimama peke yake ni hatari, unaweza kuangushwa na mtoto, Sponji alileta mkanda mpana wa kufungia magodoro kwenye lori, akaupigilia ukutani ncha zote mbili, na upande wa ndani akaushonea sponji laini usimkwaruze dada yake kiunoni. Ilikuwa kazi nzuri. Alikaa jioni nzima akiishona. Shangazi aliweza kusinzia akiwa wima bila kuanguka, na asubuhi alimshukuru.

Pale mlangoni mtungi ulianza kuwa kero. Msusi alijigonga nao kidole cha mguu mara kadhaa. Wakaona ni afadhali uhamishiwe chumbani kwa Shangazi, kwa kuwa chumba kile kilikuwa hakitumiki. Vigae vya humo vilikuwa vipya na Sponji hakutaka vichubuke, kwa hiyo wakauweka juu ya godoro. Juu ya godoro laini mtungi haukuweza kusimama. Ulielemea upande mmoja, ukajilaza. Fundi angeuona angekaripia, maana hata mtupu unatakiwa kusimama, tena nje. Lakini Fundi alikuwa ameshasema asiitwe. Mtoto mkubwa akaufunika shuka usiingie vumbi.

Ilipofika Jumamosi Sponji alikuwa na harusi ya mfanyabiashara mwenzake. Alivaa suti, akapitia jikoni kumuaga dada yake, akamshika bega kwa upendo na kuahidi kwamba ijayo haitapita. Msusi alikuwa ameshatoka na mapema, siku za harusi saluni hujaa. Nyumba ikabaki na Babu, watoto na Shangazi.

Shangazi alifungua mkanda, akaenda chumbani kwake kuchukua aproni safi. Mtungi ulikuwa umelala katikati ya godoro, kwa ubavu, shuka limeufunika mpaka kwenye mabega. Ulikuwa umelizamisha godoro kidogo, shimo zuri la kukaa kitu kwa muda mrefu. Dirisha la chumba lilikuwa na jua. Shangazi alisimama akauangalia. Alisikia wivu, wivu mtupu, wala hakujilaumu.

Aliweka mkono juu yake. Ulikuwa mwepesi, angeweza kuubeba mwenyewe kwa mkono mmoja, akapanda nao, akapumzika kwenye ukingo wa mtaro. Alifikiria hivyo kwa muda. Angeujaza, ungekaa wiki kadhaa, halafu siku moja, katikati ya uji, ungeishia mikononi mwa mtu. Alimjua mtu huyo. Akauondoa mkono.

Chumba cha mbele Babu aliita, akauliza leo chai imekwenda kulimwa. Kule jikoni kichomeo cha mbele kiliwaka chenyewe, kabla hajasogeza mguu, mwali wa buluu, safi, kama Fundi alivyofundisha.

Shangazi alivaa aproni. Shuka lilikuwa limeteleza upande mmoja, akalivuta, akalichomeka vizuri chini ya mtungi pande zote mbili. Kisha akafunga mlango polepole, asiuamshe, akaenda kusimama mahali pake.